Swichi ya bando inakaa wapi?

Ukitaka kujua mfumo endeshi wa kompyuta, kama Windows au Linux, ulitengenezwa kwa ajili ya nani, fungua mipangilio yake. Angalia kipi kilikuwa kimewashwa tangu mwanzo, halafu angalia kipi kimewekwa hatua nne ndani. Hapo utamwona mtu ambaye wasanifu walikuwa wakimfikiria. Mara nyingi ana intaneti isiyo na kikomo, ana printa moja, umeme haumkatikii, na kompyuta ni yake peke yake.

Mimi ni msanifu wa violesura, yaani kurasa na vitufe ambavyo mtu anaviona kwenye skrini, na kwa sasa kazi yangu kubwa ni programu ya mipangilio ya toleo la Linux linalowekwa kwenye kompyuta za mezani zilizokwishatumika, zile zinazopelekwa kwenye maabara za shule na ofisi ndogo. Tunajenga juu ya GNOME, mazingira huria ya madirisha na menyu za Linux, kwa hiyo sehemu kubwa imeshafanywa na wengine kwa miaka mingi. Kilichobaki kwetu ni kuamua: hiki kikae, kile kisogezwe mbele, kingine kiondoke. Ni kuamua kwa niaba ya mtu ambaye siku akikwama hutakuwa pembeni yake, na kwa sababu hiyo naichukulia kwa uzito mkubwa.

Jambo ninaloliamini, na ambalo kazi hii inanithibitishia kila siku, ni kwamba chaguomsingi, yaani mpangilio unaoukuta umeshawekwa, ni uamuzi wa mtu fulani, aliyekaa mahali fulani. Kadiri maisha yako yanavyotofautiana na ya yule aliyefikiriwa, ndivyo unavyolazimika kuingia kwenye mipangilio mara nyingi zaidi. Anayefanana naye anaweza kumaliza mwaka mzima bila kuifungua. Wewe wa bando la wiki unaihitaji kuanzia siku ya kwanza.

Mwanzoni mambo yalikuwa madogo. Macintosh ya kwanza, kompyuta ya Apple, ilipotoka Januari 1984, paneli yake ya udhibiti ilikuwa dirisha dogo moja, lililochorwa na Susan Kare, karibu bila neno hata moja ndani yake. Sauti ilikuwa kitelezi chenye namba 0 hadi 7. Kasi ya herufi kujirudia unapobonyeza kitufe bila kuachia ilionyeshwa kwa kobe upande mmoja na sungura upande wa pili. Nikiitazama paneli ile leo bado naistaajabia. Mtu aliyekulia Tanga au Lamu, aliyesimuliwa hadithi za sungura na kobe utotoni, angeelewa kitelezi kile bila kufundishwa na bila kujua Kiingereza. Mipangilio mingi ya paneli hiyo ilihifadhiwa kwenye kumbukumbu ya baiti 20 iliyolindwa na betri. Baiti 20 hazitoshi hata kuandikia sentensi hii.

Ufinyu huo ulisaidia. Ukiwa na nafasi ya vitu kumi tu, utabishana juu ya kila kimoja.

Nafasi ilipopatikana, mabishano yakapungua. System 7, mfumo wa Macintosh wa mwaka 1991, iligeuza paneli kuwa folda ambamo kila mpangilio ulikuwa faili lake. Windows nayo iliruhusu kampuni yoyote kutengeneza faili la aina ya .cpl na kujiwekea ikoni ndani ya Control Panel, paneli yake ya udhibiti, na kufikia enzi za Windows 95 mahali pale palikuwa kama mtaa usiopimwa: kila aliyefika alijenga, na njia zilifuata nyumba. Aliyetengeneza kadi ya sauti alikuwa na ikoni yake, wa modemu na yake, wa kadi ya skrini na yake. Windows XP, mwaka 2001, ikajaribu kupanga vitu kwa makundi, na pembeni ikaacha kiungo cha kurudi kwenye mwonekano wa zamani. Watu wengi ninaowafahamu walikibonyeza kiungo hicho siku ya kwanza na hawakugeuka nyuma.

Kilichofuata mnakijua. Windows 8 ya mwaka 2012 ilileta ukurasa mpya wa mipangilio kando ya ule wa zamani, Windows 10 ya mwaka 2015 ikaleta programu kamili, na ya zamani ikabaki palepale. Mwaka 2024 ukurasa wa msaada wa Microsoft uliandika kwamba Control Panel iko njiani kuachwa, kisha maneno yakarekebishwa yakasema kwamba mipangilio yake mingi inahamishwa. Mimi siwalaumu. Nyuma ya kila ikoni ya zamani kuna printa ya mtu, kuna mwongozo uliochapishwa na wizara fulani, kuna video ya fundi inayosema "bonyeza hapa, halafu hapa". Ukihamisha kitufe kimoja umevunja maelekezo ya maelfu ya watu ambao hutawahi kukutana nao. Paneli ya mipangilio ikishazoeleka, sehemu yake kubwa inakaa vichwani mwa watu, na huko huwezi kupeleka sasisho.

Ndiyo maana sikupendezwa na Apple walivyofanya Oktoba 2022 kwenye macOS Ventura. Ikoni zilizokuwa zimetandazwa kwenye dirisha moja zikawa orodha ndefu ya wima kama ya iPhone, na dirisha lenyewe huwezi kulipanua kwa upana. Orodha inafaa simu kwa sababu simu ni nyembamba na kidole gumba kinashuka nayo. Kwenye kompyuta ya mezani jicho linakumbuka mahali: sauti iko kule kulia, kibodi iko katikati. Ukivitia vyote kwenye safu moja, unamlazimisha mtu asome upya kitu alichokuwa akikiendea kwa mazoea.

Upande wa programu huria kuna hoja ya zamani ambayo kila msanifu wa mipangilio anapaswa kukutana nayo. Mwaka 2002 Havoc Pennington, wakati huo akiwa Red Hat, kampuni ya Linux, na akiwa miongoni mwa wajenzi wa GNOME, aliandika kwamba kila chaguo unaloliongeza lina gharama. Linawaficha wenzake, linazidisha njia za kitu kuharibika, na mara nyingi linawekwa ili kukwepa uamuzi uliopaswa kufanywa. Piga hesabu uone: swichi 10 za kuwasha na kuzima zinatoa hali 1,024 tofauti, swichi 20 zinatoa zaidi ya milioni moja. Hakuna timu inayoweza kuzijaribu zote, ya kwetu ndiyo kabisa.

Hoja hiyo naikubali, na nimeshaondoa vitu vingi kwa kuifuata. Kuna mtu alituomba chaguo la kuonyesha saa kwa hesabu yetu, yaani saa moja asubuhi iandikwe moja badala ya saba. Wazo ni zuri na lilinigusa. Lakini niliwatazama watu wakisoma 07:00 kwenye skrini na kusema "saa moja" papo hapo, bila kusita. Kichwa kinafanya kazi hiyo bure. Swichi ile ingeleta mkanganyiko kwenye barua pepe, kwenye tiketi, kwenye kila faili lenye muda, ili kutatua tatizo ambalo watu hawana. Tukaiacha.

Ila hoja ya Pennington ina sharti: kupunguza swichi ni sawa pale tu ambapo uamuzi uliofanywa badala ya swichi unamfaa anayetumia. Na hapa ndipo penye bando.

Windows 8 ilileta kitu ambacho kwetu kilikuwa na thamani kuliko mapambo yake yote: uwezo wa kuuambia mfumo kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo. Ukiuambia hivyo, masasisho makubwa husubiri na kazi nyingi za chinichini hupunguza ulaji wa data. Ulikuwepo kwa Wi-Fi na kwa mtandao wa simu. Mtandao wa waya, yaani Ethernet, ulihesabiwa kuwa hauna kikomo, na mipangilio haikuwa na swichi yake hadi sasisho la Windows 10 la Aprili 2017.

Kwa mtu aliye kwenye ofisi yenye mkongo, dhana hiyo ina mantiki. Sasa chukua kompyuta ya mezani iliyotoka Ulaya ikiwa imeshatumika miaka kadhaa. Nyingi hazina kadi ya Wi-Fi. Unafanyaje? Unachukua simu, unaichomeka kwa waya wa USB, unawasha kushiriki intaneti, na simu inapata chaji hapohapo. Kompyuta inapoitazama simu hiyo, inaona kadi ya Ethernet. Kwa hiyo bando la GB 1 lililounganishwa asubuhi linahesabiwa kuwa sawa na mkongo wa benki, na mfumo unaanza kupakua kwa moyo mweupe. Waliojua waliingia kwenye rejista ya mfumo, hifadhi ya ndani ya mipangilio ya Windows, wakachukua umiliki wa ufunguo uitwao DefaultMediaCost, wakabadilisha namba ya Ethernet kutoka 1 kuwa 2. Asiyejua alishangaa bando limekwisha kabla ya saa sita mchana na akaulaumu mtandao wa simu.

Kosa hilo halikuwa la msimbo. Msimbo ulifanya kile ulichoambiwa. Lilitokana na kufikiri kwamba waya maana yake ni utajiri wa data, na aliyefikiri hivyo hakuwahi kuchomeka simu kwenye kompyuta ili atume ripoti.

Kwenye Linux, programu ya NetworkManager inajaribu kujua yenyewe. Simu ya Android inapogawa intaneti na kuipa kompyuta anwani ya mtandao, ndani ya ujumbe uleule wa kugawa anwani (DHCP) inaweka maandishi ANDROID_METERED. NetworkManager inayasoma na kuandika kwamba mtandao huu huenda unalipiwa kwa kipimo. Nayapenda maandishi yale kuliko swichi yoyote niliyowahi kuchora, kwa sababu simu yenyewe inamsemea mwenyewe. Shida ni kwamba mtumiaji haoni kwamba kompyuta imeshahisi. Kwenye GNOME kisanduku chake kiko nyuma ya ikoni ya gia ya mtandao husika, ndani ya ukurasa wa maelezo, chini.

Sisi tumekitoa huko. Kwenye ukurasa wa mtandao, moja kwa moja chini ya jina la muunganisho, kuna mstari mmoja: Natumia bando. Kama kompyuta imehisi yenyewe, swichi inakuwa imewashwa na chini yake kuna maneno madogo: "Inaonekana unatumia simu. Masasisho yatasubiri." Mwenye kifurushi kisicho na kikomo anaizima na kompyuta inakumbuka simu ile.

Jambo hilo lina upande wa pili unaonisumbua zaidi kuliko mahali pa swichi. Mtu anayeishi kwenye bando hatafika siku ambayo si ya bando. Masasisho yakisubiri mtandao wa bure, yatasubiri mwaka mzima, na kompyuta itakaa wazi kwa virusi na wezi. Kumlinda mtu mfuko wake huku ukimwacha bila ulinzi mwingine ni kazi nusu. Waliotengeneza Endless OS waliliona hili mapema, wakaandika huduma iitwayo Mogwai inayopanga upakuaji mkubwa kwa kufuata saa ambazo data ni nafuu. Hilo ndilo wazo sahihi. Huku kwetu kila anayenunua vifurushi analijua bando la usiku. Tunachofanya kwa sasa ni kuonyesha ukubwa wa masasisho ya usalama peke yake, kwa MB, kabla hujabonyeza, na kukuruhusu uchague yapakuliwe usiku wa manane. Mtu akiona kwamba ya usalama ni MB chache na mengine yote ni GB nzima, anaamua vizuri. Usipomwonyesha namba anakataa yote, na ana haki.

Printa nayo ina hadithi yake. Kuna dada anaendesha steshenari jirani na ofisi za halmashauri: kopi, kuprinti CV, picha za pasipoti, kulamineti vyeti. Ana printa mbili, ya leza ya nyeusi na ile ya wino wa rangi. Nilikaa kwake kwa ruhusa yake nione anavyofanya kazi. Alichapa picha ya mteja kwenye ile ya rangi, mteja akaondoka. Aliyefuata alileta barua ya maombi na viambatanisho, karatasi nyingi. Dada akabonyeza Ctrl na P, akabonyeza Enter bila kutazama, kama anavyofanya kutwa nzima, na karatasi zikaanza kutoka kwenye printa ya rangi.

"Kaka, umeona? Wino huu ni wa hela. Na mimi sijagusa kitu."

Kweli hakugusa kitu. Tulifungua ukurasa wa printa, na chini ya orodha, baada ya kushuka, kulikuwa na swichi inayoruhusu mfumo kuchagua printa kuu kwa kufuata iliyotumika mwisho. Ilikuwa imewashwa tangu kompyuta ilipofunguliwa. Aliyeibuni alikuwa akimfikiria mtu anayehama na kompyuta yake kutoka nyumbani kwenda ofisini, na kwa mtu huyo ni msaada mkubwa. Dada wa steshenari hahami. Ni printa zinazobadilishana mbele yake, mchana kutwa, na kila picha ya pasipoti inabadilisha uamuzi wake bila kumuuliza.

Kwenye programu yetu printa kuu ina nyota pembeni ya jina, na nyota haiondoki mpaka mtu aihamishe kwa mkono wake. Nilichojifunza pale kwake ni kikubwa kuliko nyota. Dada hakuwa na namna ya kutafuta tatizo lake. Angeandika nini kwenye kisanduku cha kutafutia? Hakuijua swichi ile, kwa hiyo hakulijua jina lake. Alichokijua ni kwamba printa inabadilika yenyewe.

Tangu siku hiyo muda wangu mwingi unakwenda kwenye mstari mmoja. Kila ukurasa wa mipangilio ya GNOME una faili dogo linalouelezea, na ndani yake kuna mstari wa maneno ambayo mtu akiyatafuta ataletwa kwenye ukurasa huo. Mstari huo unaweza kutafsiriwa, na tafsiri nyingi hugeuza neno kwa neno na kusonga mbele. Sisi tunauandika upya kutoka kwa watu. Ukurasa wa mtandao una: bando, kifurushi, MB, hotspoti, inakula data, intaneti nzito. Ukurasa wa sauti una: sauti haitoki, spika, hedifoni, maiki. Ukurasa wa skrini una: maandishi madogo, projekta haionyeshi, sioni vizuri. Ukurasa wa printa una: inabadilika yenyewe. Na maneno ya Kiingereza hatuyafuti, kwa sababu mtu anayezungumza Kiswahili kutwa nzima amejifunza kompyuta kwa video za Kiingereza na ataandika lolote kati ya hayo mawili, pengine yote kwenye sentensi moja. Mwenzetu mmoja wa Lubumbashi alitukumbusha kwamba kwao wataandika forfait, yaani kifurushi kwa Kifaransa, nalo likaingia.

Hata majina ya miji yana kazi hapa. Kwenye orodha ya majira ya saa ya Windows, eneo letu linaandikwa (UTC+03:00) Nairobi, basi. Saa ni ileile, lakini aliyepo Mwanza anatafuta mji wake au Dar es Salaam, haioni, na anabaki kujiuliza kama Nairobi ni yake pia. Kwetu akiandika mji mkubwa wowote wa Afrika Mashariki anaupata.

Mengine nayapitia haraka kwa sababu wengine wameyafanya vizuri na tumeyachukua. Ukibadilisha ukubwa wa picha ya skrini, Windows inakuuliza kama ubaki nao na kuhesabu sekunde 15. Usipojibu, inarudi ilivyokuwa. Ubora wake uko kwenye tafsiri ya ukimya: asiyejibu huenda anatazama skrini nyeusi, basi ukimya wake ni hapana. Na KDE Plasma 5.20, mazingira mengine ya Linux, Oktoba 2020 ilileta uwezo wa kuweka alama kwenye kila mpangilio uliobadilishwa kutoka hali ya awali. Kwa fundi anayeletewa kompyuta na kuambiwa tu "haifanyi vizuri", alama hizo zinampunguzia nusu siku ya kubahatisha.

Lililobaki gumu ni maabara za shule. Mwalimu anataka kufunga mambo: picha ya nyuma isibadilishwe, mtandao usiguswe, lugha isihamishwe. Mfumo unaruhusu kufunga mpangilio wowote. Lakini swichi iliyopauka bila maelezo humfanya mwanafunzi adhani kompyuta ni mbovu, na wa pili yake anadhani ameiharibu yeye. Kwa hiyo kila kilichofungwa kina kufuli dogo na maneno: "Imefungwa na mwalimu wa maabara." Na kuna vitu ambavyo tumekataa visifungike kabisa, mwalimu apende asipende: ukubwa wa maandishi, mwangaza na utofauti wa rangi, na msaada wa kibodi kwa asiyeweza kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja. Mwanafunzi asiyeona vizuri asilazimike kumwomba mtu ruhusa ya kusoma.

Tatizo ni kwamba wanafunzi wengi wanatumia akaunti moja. Wa kwanza akikuza maandishi, wa pili anayakuta makubwa hivyohivyo na anakwenda kuyapunguza, na yule wa kwanza kesho anaanza upya. Kwa sasa tumeweka ukubwa wa maandishi kwenye menyu ya juu ya skrini, unapatikana hata kabla ya kuandika nenosiri, na ukitoka unarudi wa kawaida. Toleo la majaribio linaingia kwenye maabara muhula ujao, na menyu hiyo ndiyo nitakayokwenda kuiangalia kwanza.